Mvua ya Kilosa Hupangwa Wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotangaza mwelekeo wa mvua, Mkoa wa Morogoro hutajwa mara mbili. Kaskazini mwa mkoa huwekwa fungu moja na Pwani, Tanga na Dar es Salaam, yaani sehemu zinazopata vuli kati ya Oktoba na Desemba, kisha masika kati ya Machi na Mei. Kusini mwake huwekwa pamoja na Lindi, Mtwara na Ruvuma, ambako mvua ni ya msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi ulio kusini mwake, imekaa penye mshono wa mafungu hayo mawili. Ukivuka milima ya Rubeho kwenda magharibi unaingia Dodoma, nchi ya tatu tena, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600, wakati Kilosa hupata takriban 1,000. Mahali ambapo tabianchi tatu zinapakana namna hii ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo kwa kawaida hujibiwa haraka mno: ni nini hasa kinachoamua mvua na joto la mahali?

Majibu ya haraka yako mawili, na yote husikika kila mafuriko yanapopita au mahindi yanapokauka shambani. La kwanza husema watu wamekata miti, ndiyo maana mvua imeharibika. La pili husema haya ni mabadiliko ya tabianchi, yaliyoletwa na viwanda vya mbali, wala sisi hatuna la kufanya. Kila jibu lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umewekwa mahali pasipo pake. Kiasi cha mvua inayoshuka Kilosa hupangwa, kwa sehemu kubwa, mbali sana na Kilosa: na jua, na bahari, na pepo, na siku hizi na gesi ambazo nchi nyingine zimezijaza angani. Lakini kile ambacho mvua hiyo hufanya ikishagusa ardhi hupangwa karibu, kwenye miteremko, mashambani, katika misitu ya vijiji na kingoni mwa mito. Asiyetenganisha mambo haya mawili hujikuta anamlaumu mchoma mkaa kwa ukame ulioanzia baharini, kisha anaisamehe ardhi iliyoachwa uchi kwa mafuriko ambayo ingeweza kuyapunguza.

Jua ndilo linaloendesha yote. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi likirudi kaskazini, na karibu tarehe 10 Oktoba likienda kusini. Panapopata joto kali hewa hupanda, ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Ndivyo unavyotokea mkanda wa mvua unaozunguka dunia nzima na kulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, ukipanda kaskazini katikati ya mwaka na kurudi kusini mwishoni. Sehemu ambazo mkanda huo huzipita, ukakaa mbali kwa muda, kisha ukazipita tena, hupata vuli na masika. Kusini zaidi, ambako mkanda hufika na kugeukia hapohapo, safari hizo mbili huungana zikawa msimu mmoja. Maelezo haya yangetosha kama latitudo ingekuwa ndiyo kila kitu, lakini hayatoshi. Mji wa Chiclayo, kaskazini mwa Peru, uko karibu latitudo ileile ya Kilosa, na jua huupitia utosini karibu siku zilezile. Hata hivyo Chiclayo ni jangwa la pwani ambalo katika mwaka wa kawaida mvua yake haifiki hata milimita 100. Jakarta, iliyo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hupata zaidi ya milimita 1,500. Jua ni moja na mvua ni tatu. Kinachozitofautisha kwanza ni maji ya bahari iliyo karibu. Pwani ya Peru huoshwa na mkondo baridi wa Humboldt, na hewa iliyolalia maji baridi haina nguvu ya kupanda. Jakarta imezungukwa na bahari iliyo miongoni mwa zenye joto zaidi duniani.

Sisi tuko katikati, na utabiri wa mvua zetu unakuwa mgumu kwa sababu hiyohiyo. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kilosa, lakini sehemu kubwa ya mvuke unaokuja kuwa mvua ya Kilosa na Mikumi hutoka huko. Kuanzia Desemba hadi Februari pepo za kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na India. Kuanzia Aprili kusi hushika zamu, ikileta hewa ya kusini iliyopoa. Mvua nyingi zaidi huja pepo hizi zinapobadilishana, wakati hewa yenye unyevu inapopata nafasi ya kutulia na kupanda. Kwa kawaida upande wa Indonesia huwa na maji ya moto kuliko upande wetu, kwa hiyo hewa hupendelea kupanda kule na kushuka huku, na hewa inayoshuka huua mawingu. Hii ni sababu mojawapo inayofanya Afrika Mashariki iwe kavu kuliko nchi nyingi za ikweta. Ila kuna miaka mizani hugeuka: maji ya upande wetu hupata joto, ya Sumatra hupoa, pepo za ikweta hugeuka kuelekea kwetu, na mvua ya vuli humwagika kupita kiasi. Wataalamu waliieleza tabia hiyo kikamilifu mwaka 1999 na kuiita Dipole ya Bahari ya Hindi, ingawa wakazi wa ukanda huu walikuwa wameshaionja. Mvua zilizoanza mwaka 1961 zililiinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 1997 Dipole iliungana na El Niño kali sana, barabara na madaraja yakasombwa kutoka Kenya hadi Tanzania. Mwaka 2019 ilirudi ikiwa miongoni mwa zilizopata kuwa na nguvu zaidi tangu vipimo vianze, na 2023 ikaja tena. Katika miaka hiyo hakuna msitu wa Tanzania uliokua ghafla ukaleta mvua, na miaka ya ukame iliyoifuata haikuletwa na shoka lililoamka usiku mmoja. Bahari ndiyo iliyobadilika.

Mvuke ukishafika bara hukutana na milima, na hapa tabianchi inaanza kubadilika ndani ya kilomita chache. Mikumi imelala katika bonde lililoshuka kati ya milima ya Uluguru upande wa mashariki na ile ya Rubeho na Ukaguru upande wa magharibi na kaskazini, huku Udzungwa ikiinuka kusini. Hewa ya bahari hugonga kwanza Uluguru: miteremko yake ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, lakini ikishavuka kileleni imekwisha kutua mzigo wake mwingi. Tambarare ya Mkata, iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hupata mabaki. Ndiyo maana wageni wanaopita barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia huona nyasi, mikwaju, mibuyu na miombo, wala si msitu mzito. Hewa ikisonga magharibi hulazimika kupanda tena Ukaguru na Rubeho, inanyesha kwa mara ya pili, na Dodoma inabaki katika kivuli cha mvua. Mwinuko hupanga joto vilevile. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kati ya mji wa Kilosa, ulio karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Ukaguru vinavyozidi mita 2,200, kuna tofauti ya nyuzi 10 au zaidi ndani ya wilaya zinazopakana.

Ushirikiano huu wa bahari na milima ni wa kale kiasi cha kustaajabisha, na ushahidi wake umefukiwa katika matope. Chavua za mimea zilizohifadhiwa katika vinamasi vya Udzungwa, zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 40,000, zinaonyesha kwamba msitu wa milimani haukutoweka hata katika kipindi cha mwisho cha barafu kuu, wakati dunia ilipokuwa baridi na kavu kuliko leo. Zingatia kilichotokea kwingineko wakati huohuo: takriban miaka 17,000 iliyopita Ziwa Victoria lenyewe lilikauka. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika liligeuka nyasi na udongo, na msitu wa Udzungwa ukaendelea kupata ukungu na mvua kutoka Bahari ya Hindi. Uthabiti huo ndio uliowalea viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, kama mbega mwekundu wa Udzungwa na nyani wa Sanje, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu. Mabadiliko ya tabianchi yalikuwa yaleyale, lakini yalilipiga kila eneo kwa namna yake, kulingana na lilivyokaa.

Hapo ndipo linapozuka pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Kama Ziwa Victoria lilikauka kabla ya kiwanda cha kwanza kujengwa, kwa nini tuamini kwamba mabadiliko ya leo yanatokana na binadamu? Pingamizi hili linaweza kuongezewa nguvu. Barafu iliyochimbwa kileleni Kilimanjaro mwaka 2000 na kundi la mwanasayansi wa Marekani Lonnie Thompson ilionyesha dalili za ukame mkali wa miaka takriban 4,000 iliyopita, uliodumu karne kadhaa. Matope ya Ziwa Nyasa yanasema kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kina cha ziwa hilo kiliwahi kushuka kwa mita 600 hivi. Ni kweli tupu, na anayedai kwamba tabianchi ilikuwa imetulia mpaka juzi hajui historia ya dunia. Ila mabadiliko hayo ya kale yana visababishi vinavyofahamika. Mzunguko wa dunia kulizunguka jua hujivuta na kujikunja katika vipindi vya takriban miaka 100,000. Mhimili wake huinama zaidi au kidogo kila miaka 41,000. Na majira ambayo dunia hulikaribia jua huhama katika mzunguko wa miaka 23,000 hivi. Leo tunalikaribia jua mwanzoni mwa Januari. Mizunguko hii hugawanya upya mwanga kati ya kaskazini na kusini, huimarisha au hudhoofisha pepo za msimu, na hufanya kazi yake kwa maelfu ya miaka. Joto lililoongezeka tangu babu zetu wazaliwe haliwezi kuwa lake, kwa sababu mizunguko hiyo haiendi kwa mwendo huo.

Jua lenyewe nalo limepimwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 satelaiti zimekuwa zikipima nguvu ya mwanga wake, na katika mzunguko wake wa miaka 11 hupanda na kushuka kwa karibu sehemu moja tu katika 1,000, bila kuonyesha kupanda kunakoweza kueleza joto la sasa. Kuna alama nyingine inayolitoa jua katika kesi hii: kama jua ndilo lingekuwa limezidi, anga lote lingepata joto, la chini na la juu. Kinachoonekana ni kwamba tabaka la chini linapata joto huku tabaka la juu likipoa, jambo ambalo hutokea joto likizuiliwa chini na gesi. Volkano nazo zina sehemu yake, lakini mara nyingi huvuta upande wa pili: mlipuko wa Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 uliipoza dunia kwa takriban nusu nyuzi, na nafuu hiyo ikapita baada ya miaka michache. Hewa ukaa inayotoka katika volkano zote kwa mwaka ni chini ya sehemu moja katika 100 ya ile tunayoitoa sisi. Sasa tazama upande wa gesi. Bila gesi za asili zinazozuia joto, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi. Kwa muda wa miaka 800,000 iliyohifadhiwa katika barafu ya Antaktika, hewa ukaa haikuzidi sehemu 300 katika milioni ya hewa; kabla ya viwanda ilikuwa karibu 280; leo imepita 420. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2024 ulizidi wastani wa kabla ya viwanda kwa takriban nyuzi 1.55. Kisababishi kinajulikana, kiasi chake kinapimwa, na alama zake zinalingana nacho.

Je, hii ina maana kwamba tunajua mvua ya Kilosa itakuwaje? Kuhusu joto, jibu ni rahisi: litaongezeka. Kuhusu mvua, wasomaji wanastahili kuambiwa wazi kwamba wanasayansi wa ukanda huu wanapambana na kitendawili. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010 masika ya Afrika Mashariki yalipungua, wakati mahesabu ya kompyuta kuhusu siku zijazo mara nyingi yanasema mvua itaongezeka. Huenda bahari ya Pasifiki na ya Hindi zilikuwa katika mzunguko wa asili uliotukausha kwa muda, au mahesabu hayajazikamata vizuri pepo za kwetu, au yote mawili. Lakini mtu asichukue kitendawili hicho kuwa sababu ya kulitupa somo zima. Lipo jambo moja ambalo halina ubishi mkubwa: hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hata kama jumla ya mvua ya mwaka itabaki ileile, siku itakaponyesha inaweza kunyesha kwa ukali zaidi, na kati ya mvua na mvua ardhi ikakauka haraka zaidi. Kwa wilaya ya miteremko na mito kama Kilosa, hilo pekee ni jambo zito.

Sasa turudi kwa miti. Mtu aliyekaa kijijini miaka 50 atasema kwamba alipokuwa mtoto msitu ulikuwa mzito na mvua ilikuwa ya kutegemewa. Leo msitu umeisha na mvua imekuwa ya kubahatisha. Ameona mambo mawili yakienda pamoja, na si haki kumdharau. Miti huvuta maji ardhini na kuyarudisha hewani, na katika misitu mikubwa sana, kama ya Kongo, mvuke huo hurudi kunyesha tena na tena. Pepo zinapovuma kutoka magharibi, hewa ya Kongo huweza kufika hadi Tanzania ikaongeza mvua, kwa hiyo msitu unaokatwa kule si habari ya watu wa kule peke yao. Misitu ya ukungu ya Ukaguru na Uluguru nayo hunasa matone ya mawingu ambayo yangepita bila kunyesha. Lakini msitu wa wilaya moja hauwezi kuitia joto bahari wala kuugeuza mkanda wa mvua. Kuwaahidi wanakijiji kwamba wakipanda miti mvua itarudi mwaka kesho ni kuwadanganya, na ahadi ikishindwa watu huacha kuamini hata yale ambayo miti huyafanya kweli.

Nayo ni makubwa. Ushahidi bora zaidi uko jirani na Kilosa, tena ni wa zamani. Katika miaka ya 1930, huko Mpwapwa, viliwekwa vipande vya ardhi vyenye mteremko uleule na mvua ileile ili kupima maji yanayotiririka juu ya ardhi. Kipande kilichoachwa uchi kilipoteza karibu nusu ya mvua yote, pamoja na tani kwa tani za udongo. Kilicholimwa kilipoteza takriban robo. Kilichofunikwa na nyasi kilipoteza kidogo sana, na kile cha kichaka kisicholishiwa mifugo hakikufikisha hata asilimia moja. Mwaka 1970, tarehe 23 Februari, mvua ya karibu milimita 100 ilinyesha Mgeta, magharibi ya Uluguru, ndani ya muda usiofika saa tatu. Maporomoko ya ardhi yaliyohesabiwa baadaye yalizidi 1,000, na yaliyoanzia katika msitu hayakufika moja kati ya 100. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Hakuna aliyeweza kuichagua mvua ya siku ile, na kila mteremko ulipata sehemu yake. Tofauti kati ya mteremko ulioporomoka na ule uliosimama ilikuwa ni mizizi.

Ukiliweka hilo akilini, ramani ya Kilosa inasomeka kwa namna nyingine. Mto Mkondoa unaopita mjini haukusanyi maji ya Kilosa pekee. Tawi lake kubwa, Kinyasungwe, linatoka Dodoma, linapita Gulwe katika Wilaya ya Mpwapwa, kisha linapenya milima na kuingia Kidete kabla ya kufika Kilosa. Mvua inayoujaza huanguka kwenye nchi kavu yenye majani machache, ambako dhoruba ya mchana mmoja huteremka kwa kasi ikiwa na mchanga. Mchanga hutua mto unapopunguza mwendo, kitanda cha mto huinuka, na tuta lililokuwa refu linakuwa fupi bila mtu kulipunguza. Wajerumani walipitisha reli ya kati, waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ndani ya bonde hilohilo, na kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimesumbua kila utawala uliofuata. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalivunja tuta la tangu enzi za ukoloni. Zaidi ya watu 20,000 wilayani Kilosa walipoteza makazi, na treni zikasimama. Mwaka huo kulikuwa na El Niño, lakini Dipole haikuwa na nguvu ya kulinganishwa na ile ya 1997 wala iliyokuja 2019. Kama mafuriko yangepimwa kwa ukubwa wa tukio la baharini pekee, Kilosa isingelia kiasi kile. Baadaye serikali ilirudi kwenye mpango wa kulijenga upya Bwawa la Kidete, shirika la Japani la JICA likafanya utafiti wa kuilinda reli, na reli ya kisasa, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma Julai 2024, imepitishwa katika mahandaki na madaraja kwenye milima ya Kilosa. Ni kazi kubwa za uhandisi, na nyingine zilihitajika sana. Zote ziko upande wa chini wa mto, na udongo unaoujaza unatoka juu.

Litakuja pingamizi la mwisho, na ndilo linalonigusa zaidi kwa sababu lina haki ndani yake. Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi, wakati wastani wa dunia ni zaidi ya tani 4. Kwa nini mtu wa kijiji cha Ulaya Mbuyuni, wilayani Kilosa, aambiwe apunguze mkaa kwa ajili ya joto lililoletwa na wengine? Naona hakuna anayestahili kumwambia hivyo. Deni la joto ni la waliolitengeneza, na Tanzania ina haki ya kulidai katika kila mkutano; tena tangu Julai 2023 mmoja wa makamu watatu wa mwenyekiti wa jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, ni Dk. Ladislaus Chang'a wa TMA. Lakini sababu ya kuutunza msitu wa kijiji ni maji na udongo wa kijiji chenyewe, na faida hiyo haingoji makubaliano ya mataifa. Makadirio ya serikali yamewahi kutaja upotevu wa takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka nchini. Ndani ya Kilosa kumejaribiwa njia nyingine. Kuanzia 2012 Shirika la Uhifadhi wa Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA) na wenzao walianza na vijiji mpango wa mkaa endelevu: msitu wa kijiji hupimwa, sehemu yake hugawanywa katika vitalu vidogo, vinavunwa vichache kwa mwaka kwa kupishana, visiki huachwa vichipue, na kitalu kilichovunwa hupumzika miaka 24. Ushuru hubaki kijijini. Mkaa hapo unakuwa zao, na kijiji kinapata sababu ya kuuchunga msitu badala ya kuugeuza shamba. Mpango huu una udhaifu wake, hasa pale ukaguzi unapolegea au bei ya ufuta inapopanda kuliko ya mkaa, lakini umeelewa kwamba miombo hurudi ikiachiwa mizizi.

Kuipanga lawama vizuri si zoezi la darasani tu katika wilaya hii. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Ardhi, uongozi na haki vilikuwa ndani ya mgogoro ule, na singependa kuusukumia hali ya hewa. Nautaja kwa kuwa kila nyasi zinapokauka au mto unapofurika, jirani ndiye aliye karibu kunyooshewa kidole, hata pale ambapo nyasi zimekaushwa na bahari. Mwenye ng'ombe anaulizwa kwa haki juu ya ukingo wa mto uliokanyagwa, na mkulima anaulizwa kwa haki juu ya shamba lililoshuka mpaka majini. Hakuna kati yao anayepaswa kuulizwa kwa nini vuli imechelewa.

Kinachofuata kutokana na hoja hii ni kazi yenye mahali pake. Wingu linalotisha Kilosa linaweza kunyesha Mpwapwa huku Kilosa jua likiwaka, kwa hiyo vipimo vya mvua na vya kina cha mto vinahitajika zaidi huko juu, na taarifa yake ifike mjini kabla ya maji. Makinga maji, majani ya kudumu kwenye miteremko na malisho yanayopumzishwa yanahitajika ng'ambo ya mlima, katika mkoa mwingine, chini ya mkuu wa wilaya mwingine, na fedha zake zinatakiwa zihesabiwe kuwa sehemu ya ulinzi wa Kilosa. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, tayari inavuka mipaka hiyo kisheria, kwa kuwa Kinyasungwe na Mkondoa zote zimo katika bonde lake. Tuta la Kilosa likijengwa tena bila Mpwapwa kuwemo katika bajeti, mchanga utaendelea kuteremka kila mwaka na kitanda cha mto kitaendelea kupanda, iwe Bahari ya Hindi imepata joto au haikupata.